Usiku niliofuta sauti ya baba kwa mkono wangu

Mwaka 2016 niliamua kumaliza kabisa shida ya mafaili pale nyumbani. Tulikuwa na kompyuta tatu, ya mezani ambayo ni yangu, laptopu ya mke wangu na nyingine ya watoto, kila moja ina picha zake, fleshi zimezagaa kwenye droo, ukitaka picha moja ya harusi unauliza nyumba nzima. Basi nikanunua diski mbili za TB 2, modeli moja, zimefanana kama mapacha, nikazifunga kwenye kompyuta ya mezani kwa RAID 1, yani kioo, unachoandika kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine papo hapo. Mafaili ya wote yakahamia humo. Kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa bakapu, moja ikifa si ipo nyingine, nikawa nalala bila wasiwasi.

Kilichokuwa na uzito kuliko vyote humo ni folda ya baba. Miaka yake miwili ya mwisho nilikuwa nikienda kumuona naweka karekoda kadogo mezani, yeye anasimulia ukoo, nani kamzaa nani, alivyokutana na mama, walivyogombana na kaka yake wakakaa miaka hawasemezani mpaka bibi alipowakalisha chini. Rekodi kumi na nne, zote mafaili ya sauti ya aina ya WAV, ndefu ndefu. Akafariki mwanzoni mwa 2018 na zile rekodi sikuwahi kuzisikiliza tena, sikuweza, nilijua tu zipo na hiyo ilinitosha.

Miezi michache baadaye diski moja ikaanza kugonga. Tk tk tk, inanyamaza, tk tk tk. Anayejua huo mlio anajua, ni kichwa cha kusomea kinahangaika kutafuta mahali pake hakipati. Siku mbili ikafa na kompyuta ikasema kioo kimebaki mguu mmoja. Sikuogopa hata kidogo, nikasema si ndo maana niliweka mbili, nikanunua nyingine modeli ileile, nikaitoa iliyokufa na mpya nikaichomeka palepale kwenye kebo yake.

Kosa likaanzia hapo. Iliyokufa ilikuwa kwenye tundu la kwanza, kwa hiyo ile mpya, tupu kabisa, ndo ikawa diski namba 0, na nzima yenye mafaili ilikuwa namba 1. Ilikuwa usiku, nimechoka, kioo cha zamani kikakataa kujiunga na diski mpya nikaamua kukiunda upya, menyu ikauliza diski ipi itoe na ipi ipokee. Majina yamefanana, ukubwa umefanana, tofauti ni serial namba, yani namba ya utambulisho ya kila diski, iliyoandikwa kwa maandishi madogo mwishoni. Kichwani mwangu ya kwanza ndo ya zamani. Nikachagua 0 itoe, ikaniuliza una uhakika, nikabonyeza ndiyo.

Nikaenda kulaza watoto, niliporudi imefika asilimia 22. Boksi la ile diski mpya lilikuwa mezani na stika yake inanitazama, nikasoma tarakimu nne za mwisho za serial namba yake bila sababu yoyote, halafu nikaangalia kwenye skrini. Ni zilezile, na zimekaa upande wa kutoa. Aisee. Nilichomoa waya wa umeme ukutani kwa nguvu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini, nikashindwa kumjibu.

Asilimia 22 ya TB 2 ni kama GB 440 za utupu, na zimeanzia mwanzo wa diski ambako ndiko orodha ya mafaili inakaa, jina gani liko wapi. Kwa hiyo hata data iliyobaki nyuma ilikuwa haina jina wala folda. Kitu kimoja nilifanya sawa, sikuiandikia tena kitu chochote. Niliifunga kwenye kompyuta nyingine nikaichukua nzima nzima kuwa faili moja kwenye diski kubwa ya kuazima, halafu nikaipa lile faili PhotoRec, programu ya bure ambayo haihitaji orodha, inapita kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Siku mbili mchana na usiku. Ikatoa maelfu ya mafaili, picha za watu, vipande vya video, risiti, yote yanaitwa f na namba.

Siku ya pili dada yangu akapiga simu kwa jambo lingine kabisa, akasikia sauti yangu haiko sawa nikamweleza. Akasema, "Kaka, ile diski ndogo uliyonipa yenye picha za msiba si bado ninayo, mbona kuna folda ya baba humo?" Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimemkopia folda zote na kuzisahau, picha karibu zote zilikuwemo na rekodi kumi na tatu. Kumi na tatu, maana ya mwisho ilikuwa bado iko kwenye karekoda siku ile namkopia, nikaja kuihamisha baadaye.

Sikurudi kwenye RAID. Sina ubaya nayo, inafanya kazi iliyoundiwa, diski ikifa katikati ya siku kompyuta inaendelea, lakini ukifuta kwenye kioo unafuta kote, virusi vikifunga mafaili vinafunga kote, na mwizi anabeba boksi moja lenye zote mbili. Ile kanuni ya 3-2-1 ya mpiga picha Peter Krogh, kopi tatu, vyombo viwili tofauti, moja iwe nje ya nyumba, mimi nilikuwa nayo nusu kwa bahati tu, kupitia dada. Sasa SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni ya mfumo wa kompyuta peke yake, diski moja ya TB 4 ndani kwa mafaili, na diski mbili za nje zinazopokezana, moja kwangu moja kwa dada, tunabadilishana kila tukionana. Programu ya bakapu inatunza na matoleo ya zamani, na kila mwezi nachagua folda moja kutoka kwenye kopi nairudisha kweli na kufungua mafaili yake. Diski zote nimeziandikia namba zake kwa maka peni, kubwa, unaziona hata gizani.

Rekodi ya kumi na nne PhotoRec iliipata. Ya dakika arobaini, dakika kumi na moja za mwanzo ni safi, zinazobaki ni mvumo tu. Baba anasema, "sasa huyu shangazi yako mkubwa, yeye ndiye ali..." halafu mvumo. Ipo kwenye diski zote tatu, na jina lake bado ni lile la f na namba, sijalibadilisha.