Mnara Niliouita wa Msikiti

Mwaka 2004 nilikuwa mwalimu mgeni wa Historia katika shule moja ya sekondari mjini Moshi, na uhakika niliokuwa nao ulizidi maarifa yangu. Siku hiyo nilikuwa nikiwafundisha Kidato cha Pili habari za usultani wa Zanzibar, nami nilibandika ubaoni picha niliyoikata kwenye kalenda ya zamani: ufuo wa Mji Mkongwe kabla ya vita vya 1896, jumba la Beit al-Ajaib na baraza zake ndefu, na mbele yake mnara mrefu uliosimama peke yake. Niliugusa kwa fimbo nikasema kwamba ni mnara wa msikiti.

Binti mmoja aliyehamia kutoka Unguja muhula ule alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu," alisema, kwa adabu iliyonichoma kuliko dharau, "huo si wa msikiti. Ni mnara wa taa, wa kuongozea vyombo."

Darasa zima lilicheka. Kwa sisi tuliozaliwa Uchagani, mnara ni wa msikiti, wa kanisa, au ule wa saa uliopo katikati ya mji. Anayetaka kujua alipo huutazama Mlima, mradi mawingu hayajaufunika. Sikuwahi kujiuliza nahodha anayeikaribia nchi kavu usiku hutazama nini.

Jioni nilijifungia na vitabu, na kesho yake nilirudi darasani nikakiri kosa. Niliwaeleza kwamba jumba lile lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na kwamba mnara uliokuwa mbele yake ulikuwa na taa nyingi kiasi kwamba mabaharia wa Kiingereza waliupachika jina la mti wa Krismasi wa Sultani. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza, nao wakampa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa 3 na dakika 2 manowari zao zilianza kupiga mizinga.

Hapo niliivua saa yangu nikaiweka mezani. Kipindi chetu kilikuwa cha dakika 40, na vita vile, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, vilichukua dakika 38. Niliwaambia kwamba tangu kengele ilipogongwa hadi itakapogongwa tena, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilikuwa imezama, na mnara ule ulikuwa umeharibiwa vibaya. Hakuna aliyecheka. Rimu ya gari tuliyoitumia kama kengele iligongwa huko nje, wala hakuna aliyeinuka.

Nilimalizia harakaharaka: mnara wa taa haukujengwa upya, Beit al-Ajaib ilipokarabatiwa mwaka 1897 iliongezewa mnara wa saa kwenye uso wake, na milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari hadi mwaka 1912.

Nilipoibandua picha, niliona maneno niliyoyaandika nyuma yake kwa wino: "Msikiti, Unguja." Nilimpa yule binti kalamu. Alikata neno la kwanza kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake "Mnara wa taa", kisha akanirudishia picha kwa mikono miwili.