Jicho tulilomsingizia jirani

Wete, Alkhamisi usiku

Leo nimefukia kitoto cha mbuzi kilichotimia kila kitu isipokuwa pumzi. Ni cha tatu mwezi huu. Mbuzi hubeba mimba karibu miezi mitano, na hawa wote wametupa zikiwa zimebaki wiki mbili tatu tu. Kondo la nyuma lilikuwa nene, jekundu, limegandana na uchafu wa rangi ya udongo. Safari hii nilivaa glavu, nikachimba shimo refu, nikamwaga chokaa.

Wawili wa mwanzo walipotupa, bibi alikwishatoa hukumu: ni jicho. Jirani yetu alipita Ijumaa moja, akasimama mlangoni mwa banda akasema, "Mbuzi wenu wamenona," bila ya mashallah. Wiki ile ile mbuzi wengine wawili wakaanza kutokwa machozi, tongo zikawagandisha kope, mmoja akaota chamba cheupe juu ya mboni. Bibi akatia ubani kwenye chetezo, akafukiza banda zima, akasoma Falaq. Mimi sikutia neno. Ila kwa siku kumi na moja nilimpita yule mama bombani bila ya salamu.

Jana akaja daktari wa mifugo. Kabla hata hajamshika mbuzi akauliza, "Mwaka jana mliingiza mbuzi mgeni?"

Moyo ulinipasuka. Niliyemnunua ni mimi. Alitupa mimba mwezi wa pili tokea afike, nami nikalichukua lile kondo kwa mikono mitupu nikalitupa nyuma ya banda, pale pale wenzake wanapokula majani. Paka wakaligawana.

Daktari anashuku bakteria waitwao klamidia. Kondo la mbuzi aliyetupa limejaa hao, na wenzake huwameza pamoja na majani. Kisha hujificha mwilini, mbuzi anakula na kunenepa, mpaka abebe mimba nyingine; hapo ndipo wanapolila kondo mpaka kitoto kikatike. Amechukua damu, kwa sababu ugonjwa wa brusela nao hutupisha mimba, na huo hupita hata kwenye maziwa. Usiku huu nimesoma kuhusu kisiwa cha Malta: mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit aligundua kuwa mbuzi wasioonesha ugonjwa wowote ndio waliokuwa wakiwaambukiza watu homa ya brusela kwa maziwa yao. Kwetu maziwa sasa yanachemshwa, bibi apende asipende.

Macho, alisema, huenda ni kisa kingine kabisa. Bakteria waitwao mikoplazma hufanya hivyo, na hata klamidia wa aina nyengine, na nzi hubeba kutoka jicho hadi jicho. Ametuachia dawa ya kupaka ya tetrasaikilini, na amewatenga wagonjwa kivulini. Nilipomwambia bibi kuwa vikope vya watu navyo huletwa na klamidia, jamaa wa hawa hawa, alinyamaza muda mrefu. Mama yake alikuwa akiketi barazani kila asubuhi na kibano, aking'olewa kope zilizoota kwa ndani.

Lakini lililoninyima usingizi si hilo. Daktari aliuliza nani hufagia banda. Wifi yangu, nikasema, naye ana mimba ya miezi sita. Akaweka sindano chini. "Mja mzito asikanyage hapa kabisa. Klamidia huyu humharibia mwanamke mimba, na yeye mwenyewe anaweza kufa." Miaka yote nafuga, na sikuwahi kulisikia hilo kwa mtu yeyote. Asubuhi nimempeleka wifi hospitali, nikaeleza kila kitu, wamempima. Hana homa na mtoto anacheza, alhamdulillahi. Ufagio nimeuchukua mimi.

Baada ya Alasiri nikaenda kwa jirani. Alikuwa akisuka ukili. Nikamwambia, "Shangazi, nimekukosea," nikamweleza yote, hata la jicho. Aliniuliza kwanza, "Wifi yako hajambo?"

Halafu ikanibidi niseme lililokuwa zito zaidi. Yeye ana mbuzi wanne, wawili wana mimba, na paka wetu hulala bandani kwake. Aliuweka ukili chini, akanyanyuka, tukaenda pamoja kuwatazama. Kesho daktari atapita kwake kwanza.