Siku Tulipoukata Ua Wangu Hadi Chini ya Goti

Ua wangu wa priveti, miti midogo inayopandwa kwa mstari iwe uzio, ulikuwa na umri wa miaka 4 Baba aliponitembelea, nami nilikuwa nikijivunia kwamba umefanikiwa, kwa kuwa ulikwisha kunipita kimo na mpita njia hakuweza tena kuona kilichomo bustanini. Baba hakusema neno. Alitembea taratibu tangu mwanzo hadi mwisho wa ule mstari wa miti 24, akainama, akaipenyeza bakora yake baina ya mashina mpaka ncha ikatokea upande wa pili bila kugusa hata jani moja, kisha akainuka akasema, "Mwanangu, ua wako umevaa koti ukasahau suruali."

Nilicheka, ila maneno yale yaliniuma. Miche ile niliipanda kwa mikono yangu mwenyewe. Nilichimba mtaro, nikachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, nikaacha sentimita 40 baina ya mche na mche. Kosa lilikuja baada ya hapo. Aliyenipa miche aliniasa niikate nusu ya kimo chake siku ileile ya kuipanda, nami nikaona ni wazimu kukata kitu ambacho nataka kirefuke, kwa hiyo nikaiacha ipande juu ilivyotaka. Baadaye nilipoanza kuipogoa, nilikata zaidi pale mkono ulipofika kwa urahisi, yaani chini na katikati, na juu nikagusagusa tu. Ua ukawa mpana kichwani na mwembamba miguuni, kivuli cha juu kikainyima mwanga sehemu ya chini, na majani ya huko yakapukutika yote.

"Ncha ya mti ni kama mkubwa wa nyumba," Baba alinieleza tulipokuwa tukinoa msumeno. "Akiwapo, macho ya machipukizi yaliyolala kwenye shina hayathubutu kuamka. Mwondoe, uone." Aliamua kwamba tuukate wote hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Kwa ua mzee, alisema, angekata upande mmoja mwaka huu na wa pili mwaka unaofuata ili usizidiwe, lakini huu wangu ulikuwa bado kijana wenye nguvu, na priveti ni mti usiochoka kuchipua hata kwenye mashina makongwe ya rangi ya kijivu yanayoonekana kama kuni.

Mkasi mkubwa wa bustani haukufaa kitu siku hiyo, kwani mashina yalikuwa yamenenepa kuliko kidole gumba. Nilikata kwa msumeno nikiwa nimepiga magoti, na kila mti ulipoanguka, bustani ilizidi kuwa wazi, hata nikaanza kuona haya kana kwamba ni mimi niliyevuliwa nguo. Baba alitangulia mbele akiyafunua matawi moja baada ya jingine, kwa kuwa ndege huupenda ua mzito, na tulipokaribia mwisho aliniinulia mkono nisimame. Kwenye panda ya tawi palikuwa na kiota kidogo chenye mayai matatu. "Huyu hajapewa notisi," alisema, akaniamuru niiache miti mitatu ya mahali pale kama ilivyo.

Basi ua wangu ukabaki kama kichwa kilichonyolewa na kuachiwa shungi. Majirani waliuliza, nami nilichoka kujibu. Matawi membamba Baba alinikatia vipandikizi vyenye urefu wa shibiri moja, akavichomeka kwenye udongo wenye unyevu mahali penye kivuli, na vingi vilishika mizizi bila kubembelezwa.

Wiki chache baadaye vijiti vile vya kijivu vilijaa vidoti vya kijani, vikawa majani, vikawa matawi manne au matano pale palipokuwa na shina moja. Makinda yalipokwisha kuruka, niliikata ile miti mitatu peke yangu. Tangu hapo sikungoja tena ua ufike kimo ninachokitaka ndipo niukate. Kila machipukizi yaliporefuka kiasi cha kiganja, niliyapunguza nusu, nikifuata uzi niliouvuta baina ya vigingi viwili, na nikihakikisha kwamba chini panabaki papana kuliko juu. Kwa kukata hivyo nilikosa maua, jambo ambalo halikunisikitisha, kwa sababu harufu yake nzito hunitia maumivu ya kichwa, na vitunda vyeusi vinavyofuata ni chakula cha ndege lakini ni sumu kwa binadamu.

Baba alikuwa akinipigia simu kila mwisho wa mwezi, na kabla ya kuuliza habari za nyumbani aliuliza kwanza, "Suruali imefika wapi?" Mwezi wa tatu tangu tuukate ua nilimjibu kwamba imefika magotini, na kwamba nilijaribu kuipenyeza fimbo katikati, ikakwama.