Protini ya 1918 na ya 2009 kwenye kioo kimoja

Katikati ya mwaka 2010, homa ya mafua ya nguruwe ikiwa bado haijatangazwa kwisha, mhadhiri wetu wa biokemia jijini Nairobi alitupa zoezi ambalo halikuwa kwenye mtaala: tupakue kutoka hazina ya wazi ya miundo ya protini faili la hemaglutinini ya kirusi cha janga la mafua la 1918 na la kile cha mafua ya nguruwe cha 2009, kisha tuipandanishe miundo hiyo kwenye kompyuta. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, hivyo faili zikapitishwa kwa flashi kutoka mashine hadi mashine.

Hemaglutinini ndiyo protini inayochomoza juu ya kirusi na kukishikiza kwenye seli za njia ya hewa. Kwenye kioo zilijitokeza nakala tatu zilizoshikana, zenye kimo cha takriban nanomita 13.5, mashina yake yakiwa yamesokotana kama kamba ya katani, na kwenye kichwa cha kila moja kukiwa na kishimo kinachonasa asidi ya siali iliyo kwenye ncha za sukari za seli zetu. Ile ya 1918, kwa taarifa tu, haikutoka kwenye kirusi kilichohifadhiwa mahali. Ilitengenezwa maabara kwa kufuata jeni zilizosomwa katika mabaki ya mapafu ya waliokufa wakati ule, akiwemo mmoja aliyezikwa kwenye ardhi ya barafu huko Alaska.

Tuliipaka ya 1918 kijani na ya 2009 rangi ya machungwa, na rangi hizo zikakaribia kumezana. Hilo halikunishangaza sana, kwa kuwa zote mbili ni za kundi moja la hemaglutinini, liitwalo H1. Kilichonivuta ni sehemu ya kichwani iitwayo Sa, ambapo kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, hupenda kushika: amino asidi zake zilikuwa karibu zile zile, na kwa zote mbili sehemu hiyo ilikuwa wazi, bila sukari ya kuifunika. Virusi vya H1N1 vya mafua ya kila msimu, vilivyokuwa vikizunguka kabla ya 2009, vilikuwa vimekwisha kujivika sukari kichwani, na kinga iliyozoea umbo hilo haikumtambua mgeni.

"Daktari," mwenzangu akamuuliza mhadhiri, "ina maana nyanya yangu ana kinga ambayo mimi sina?"

"Kama alipata mafua ya enzi zile, inawezekana sana."

Kwa miezi mingi tulikuwa tukisikia kwamba wazee hawaugui sana, na darasani wengi walisema ni kwa sababu hawaendi shule wala hawapandi matatu zilizojaa. Daktari akatueleza habari za manusura wa 1918, wenye umri wa miaka 91 hadi 101, ambao damu yao ilikutwa bado na kinga dhidi ya kirusi kile, na kwamba kingamwili moja iliyopatikana kwao, 2D1, huzuia pia kirusi cha 2009. Kisha akatufungulia faili la tatu, la 2D1 ikiwa imeshikana na protini ya 1918, na tukaizungusha hadi tukaona imekaa palepale kwenye Sa, mahali pasipo na sukari.