Karatasi mbili za siku moja

Wiki iliyopita tulikaa kale kakundi ketu ka kuangaliana kazi, watu sita tu, kila mtu kaja na chake, mimi nikabandika karatasi zangu ukutani na pembeni nikaweka stetimenti, yale maelezo mafupi ya msanii kuhusu kazi yake, imeprintiwa vizuri kabisa. Sentensi ya kwanza inasema kazi hii ni "safari ya kiroho ya kujitafuta". Kuna dada mmoja pale haongei sana, akaisoma, akairudia, halafu akaniuliza, ulienda wapi?

Yaani hivyo tu. Si umesema safari, ulienda wapi.

Nikaanza kumwaga maneno, utulivu, nafsi, nishati, uponyaji, yale maneno ambayo siku hizi kila stetimenti ya msanii lazima iwe nayo kama chumvi, na kadiri ninavyoongea ndivyo nasikia mwenyewe kwamba hapa naongea hewa. Akanisubiri nimalize, akasema "sawa". Hiyo sawa yake imenikaa mpaka leo, bora angeniponda.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kwa siku 90 nilikuwa nachora mistari, karatasi moja kila siku, penseli, mkono mtupu bila rula, kushoto kwenda kulia mpaka karatasi ijae, chini naandika tarehe. Sijifanyi nimevumbua kitu, ugonjwa huu niliutoa kwa Agnes Martin, yule mama mchoraji wa turubai za mraba zenye karibu sentimita 183 kila upande, ukisimama mbali unaona kama ukungu hivi, ukisogea unaona kumbe ni penseli, ukisogea zaidi unaona mahali mkono ulipotetemeka. Mwaka 1967 jina lake likiwa linapanda akaondoka New York, akaacha kuchora kwa miaka kadhaa, akaenda kuishi New Mexico. Watu tunapenda kuisimulia kama habari ya mtawa kakimbilia jangwani na mimi nilikuwa naisimulia hivyo hivyo kwa sauti ya chini kabisa ya heshima. Lakini alikuwa pia mtu anayeishi na skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, ana siku nzuri na siku mbaya, na naona tukimpamba sana utakatifu tunamfuta yeye mwenyewe, anabaki picha ya ukutani.

Haya sasa, siri yangu.

Siku ya 12 sikuchora. Nililala tu, wala sikuwa naumwa. Kesho yake nikachora mbili na moja nikaiandika tarehe ya jana. Wakati naandika ile tarehe mkono haukusita hata kidogo, hicho ndicho kinachonishangaza mpaka sasa, kwa sababu hakuna aliyenituma kufanya hili zoezi, hakuna anayenilipa, hakuna anayehesabu, nipo peke yangu chumbani na mlango umefungwa na bado nikaghushi. Nilikuwa namdanganya nani? Baada ya lile swali la dada nikarudi nyumbani nikazipitia zote nikakuta nimefanya hivyo mara saba. Mara saba! Halafu kibaya zaidi zile saba ni nzuri. Nilikuwa nakaa nawaza jana ningekuwa najisikiaje, pengine nimechoka, basi naigiza uchovu, mistari inalegea upande wa kulia, inapendeza kweli. Na siku ile kwenye kundi karatasi iliyosifiwa kuliko zote, eti ina ukweli, ni mojawapo ya hizo. Nilikubali sifa nikatabasamu.

Nikakumbuka Tehching Hsieh. Kama humjui, ni msanii aliyezaliwa Taiwan, kuanzia Aprili 1980 mpaka Aprili 1981 alikaa New York akigonga mashine ya saa, ile ya viwandani ya kuonyesha mfanyakazi kaingia saa ngapi, kila saa moja, usiku na mchana, mwaka mzima. Kila akigonga anajipiga picha moja. Mwanzoni alinyoa kichwa, kwa hiyo ukiangalia zile picha kwa mfululizo unaona nywele zinaota mpaka mabegani. Mwaka una saa 8,760 na yeye alikosa 133. Na alizihesabu zote na sababu zake: 94 alikuwa amelala, 29 alichelewa, 10 aliwahi mno. Miaka yote mimi nilikuwa navutiwa na ile 8,760, ukali wa nidhamu, nikiwaza huyu ni kama mtu wa ibada. Safari hii macho yamegota kwenye 133. Jamaa aliandika kalala. Angeweza kuficha na kazi ingeonekana timilifu zaidi, lakini sidhani kama ningeiamini.

Hata swala ikikupita unailipa kadha, na unanuia kabisa kwamba hii ni kadha, huivalishi wakati wake ukajifanya uliwahi. Hilo nimelijua tangu utotoni na sikuwahi kufikiri lina uhusiano wowote na penseli.

Nafikiria pia Hilma af Klint, mchoraji wa Sweden, kati ya 1906 na 1915 alichora picha 193 za hekalu ambalo halikujengwa, nyingine zina urefu wa zaidi ya mita tatu, aliamini kuna viumbe wa rohoni wanamwongoza, na akaacha maagizo kazi zake zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Mambo ya mizimu siyagusi, kila mtu na imani yake. Kinachonisumbua mimi ni kule kukubali kwamba macho ya watu hayatafika. Mimi karatasi ikimaliza siku mbili sijaipiga picha kumtumia mtu nahisi kama haipo. Labda ndo maana nilighushi hata nikiwa peke yangu, kwa sababu peke yangu kabisa sijawahi kuwa, kuna mtazamaji nimemkalisha kichwani na yeye ndiye nilikuwa namuita roho.

Sijui kama hiyo ni sawasawa lakini kwa sasa ndipo nilipofika.

Juzi nikachukua kifutio, nikafuta tarehe saba za uongo, nikaandika za kweli. Kwa hiyo sasa kuna siku zina karatasi mbili na kuna siku hazina kitu. Nikazibandika upya ukutani kwa kufuata tarehe, pasipo na karatasi nikaacha pengo, ukuta umekuwa kama mdomo uliong'oka meno, si mzuri, nilitamani kuzisogeza zibanane nikajizuia. Sentensi ya kwanza ya stetimenti nimeikata kwa kalamu na bado sijapata ya kuweka pale.

Nikaupiga picha ukuta nikamtumia yule dada bila maelezo. Akakaa kama saa nzima ndo akajibu: hapo kwenye siku ya 12 ulikuwa wapi?

Nikamwandikia, nilikuwa nimelala.