Siku yangu moja: fundi umeme wa magari, Unga Limited

Saa 1:30 asubuhi. Baridi ya Julai hapa Arusha haina adabu, na kazi yangu inataka vidole vyepesi. Nakunywa chai na chapati kwa mama ntilie huku chalii wangu akitoa mita, taa ya kupimia na boksi la vipande vya waya. Watu wengi wanadhani fundi umeme kazi yake ni kubadilisha balbu. Ingekuwa hivyo ningefungua duka la spea, niuze nimekaa.

Saa 2 hadi saa 4 kazi ni nyepesi. Canter, indiketa ya kushoto inakimbia kuliko ya kulia: balbu ya nyuma imekufa. IST, taa za breki hazizimi: swichi ya kwenye pedali. Wanalipa, wanaondoka.

Saa 4:15 inaingia Noah ya Namanga. Dereva hata hajazima injini.

"Fundi, weka fyuzi ya breki nikimbie, abiria wako stendi."

Trafiki ameshampiga faini ya 30,000 kwa sababu ya hizo taa. Nafungua boksi la fyuzi, nakuta kijani, yaani ya ampea 30, mahali ambapo mfuniko unasema 15. Nayo imeungua! Kuna fundi alimwekea hiyo "ili isisumbue". Fyuzi kazi yake ni kufa kwanza ili waya upone. Ukiweka ya 30, kinachoanza kuungua ni waya wenyewe, na umepita chini ya kapeti, walipokaa abiria.

Namwambia siweki fyuzi mpaka nijue shoti iko wapi, yaani waya wa umeme unagusa bodi wapi. Anampigia tajiri wake, ananipa simu. Namweleza mzee wa watu yaleyale. "Sawa fundi, tafuta." Dereva ananuna.

Sasa kutafuta. Kwenye tundu la fyuzi nachomeka waya mbili zenye balbu ya wati 21, chalii anakanyaga breki. Balbu yangu inawaka kiasi, taa za nyuma zinawaka kwa kufifia. Hapo hakuna shoti, umeme unagawanwa kati ya balbu yangu na taa za nyuma; shoti ikiwepo, balbu yangu itawaka kali. Nagonga taa ya kulia, natikisa soketi ya kushoto, natingisha waya chini ya kapeti. Kimya. Dereva anakuja kila baada ya muda kuuliza "bado?", halafu anarudi kuhesabu kwa sauti tripu alizokosa. Hesabu ya tajiri haijui shoti, hilo namwelewa, lakini kunisimamia kichwani hakuharakishi umeme.

Nikafungua mlango wa nyuma. Ulipofika katikati, balbu yangu ikawaka kali na taa za breki zikazima. Nikaushusha, zikarudi. Basi! Pale juu kwenye bawaba kuna mpira unaopitisha waya kwenda taa ya breki ya kwenye mlango. Noah hizi mlango wa nyuma unafunguliwa kila kituo, magunia juu, magunia chini. Nikauvuta mpira: ganda la waya limepasuka, shaba iko nje, pembeni kuna alama nyeusi ilipokuwa inagusa bodi.

Nikakata, nikaunga waya mpya wa unene uleule kwa risasi, kila kiungo na mpira wake, nikaacha ulegevu ili mlango usiuvute. Fyuzi ya 15, rangi ya buluu. Fungua, funga, kanyaga. Safi.

Muda umekwenda, sijui saa ngapi. Makande nimeyala yamepoa.

"Elfu 25? Kwa kipande cha waya na tepu?"

Hapo ndipo ninapochokaga kweli. Waya ni wa bei ndogo, sibishi. Bei ni ya kujua ukatwe wapi. Akatoa 15,000, kumi ataleta jioni.

Mchana wote uliobaki ni Land Cruiser ya watalii, taa moja ya mbele hafifu. Betri volti 12.6, kwenye balbu ikiwa inawaka 9 na kitu. Arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, imeliwa na kutu. Nikapiga msasa, nikakaza, ikawa nyeupe kama mwenzake. Mgongo umekwisha.

Saa 1 usiku simu inaita. Dereva wa Noah.

"Fundi, breki zinawaka, ila redio haiimbi. Umeigusaje?"

Redio sikuisogelea hata kidogo. Nikamwambia alete gari kesho asubuhi, na ile elfu kumi yangu.