Kalamu ya kapelani: kutoka Worcester hadi Moshi

Kapelani, yaani mchungaji wa hospitalini, anayetoka wodini bila kuandika chochote ameacha nusu ya kazi yake pale kitandani. Huduma ya kiroho ni ya zamani kama hospitali zenyewe, ila kwa karne nyingi ilikuwa haifundishiki. Mchungaji aliingia, akaomba, akaaga, na hakuna aliyejua kilichopita kati yake na mgonjwa. Kilichobadilisha hali hiyo kilianza Massachusetts, Marekani, miaka ya 1920, na aliyekianzisha alikuwa mgonjwa.

Anton Boisen, mchungaji, alipatwa na ugonjwa wa akili mwaka 1920, akalazwa kwa muda wa miezi 15 hivi. Akiwa wodini aliona kuwa wachungaji waliokuja kuendesha ibada walijua dini lakini hawakujua wanaumwa nini wale wanaowahubiria. Mmoja alihubiri kuhusu jicho linalokukosesha, kwamba uling'oe ulitupe. Boisen aliogopa kwamba kuna mwenzake atakayeyachukua maneno hayo kama yalivyo. Mahubiri hayohayo kanisani yasingemshtua mtu. Wodini yalikuwa hatari, na mhubiri hakuwa na habari.

Mwaka 1924 mganga mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, William Bryan, alimwajiri Boisen kuwa kapelani. Kiangazi cha 1925 Boisen alipokea wanafunzi wanne wa theolojia. Hakuwapa mimbari. Mchana kutwa walifanya kazi za wahudumu wa wodi: kuogesha, kulisha, kusindikiza wagonjwa. Jioni walikaa kujadili waliyoyaona. Hapo ndipo penye busara yake, kwa maoni yangu. Mgonjwa humwonyesha mgeni uso wa ugeni, lakini anayembadilishia shuka humwona alivyo. Boisen aliwaita wagonjwa hati hai, zinazostahili kusomwa kwa makini kama vile vitabu vya darasani. Miongoni mwa wale wanne alikuwemo Helen Flanders Dunbar, aliyekuja kuwa daktari na kinara wa utafiti wa uhusiano wa hisia na maradhi ya mwili.

Daktari Richard Cabot wa Boston aliunga mkono; mwaka huohuo wa 1925 alikuwa ametoa hoja kwamba kila mwanafunzi wa theolojia apate mwaka wa mafunzo kando ya kitanda, kama madaktari. Mwaka 1930 likaundwa baraza la kusimamia mafunzo hayo. Wawili hao hawakudumu pamoja. Cabot aliamini ugonjwa wa akili una chanzo cha kimwili, Boisen akashikilia kwamba mwingine ni roho inayohangaika kujipanga upya. Mpasuko huo uligawa mafunzo yenyewe katika kambi mbili kwa miaka mingi.

Chombo kinachotumika mpaka leo kilitoka Massachusetts General, hospitali ya magonjwa ya kawaida. Miaka ya 1930 kapelani Russell Dicks alikuwa akiandika alichozungumza na mgonjwa na sala aliyomwombea. Cabot alitambua thamani ya maandishi hayo. Kutokana na zoea hilo mazungumzo yaliyoandikwa neno kwa neno yakawa msingi wa mafunzo ya uchungaji hospitalini, ambayo wengi wanayajua kwa herufi CPE. Kipindi kimoja cha mafunzo hayo Marekani huchukua saa zisizopungua 400. Kwetu Tanzania, hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa 1971, imekuwa kituo chake.

Namna ya kuandika ni hii. Usiandike mbele ya mgonjwa. Toka, kaa, andika siku hiyohiyo. Ukilala usingizi, akili itakuwa imekwisha kukupambia majibu yako. Kila kauli ipe herufi na namba, kapelani K1, mgonjwa M1. Kimya, machozi na mikono inafanya nini, weka kwenye mabano. Acha pambizo pana upande mmoja kwa ajili ya hisia zako wewe. Jina, namba ya kitanda na kijiji usiviweke. Kosa la kawaida ni kusafisha: mwandishi anaondoa "eeh" zake na kigugumizi chake, na kumbe hapo ndipo alipoogopa.

Kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada, nao ni salamu. Tazama mfano huu wa kufundishia:

K1: Shikamoo, mama.
M1: Marahaba, Mchungaji.
K2: Pole na kuumwa. Unaendeleaje?
M2: Nimeshapoa. Naendelea vizuri tu, tunamshukuru Mungu. (Anakunja ncha ya khanga, anaikunjua.)
K3: Amina, Mungu ni mwema. Basi tuombe.
M3: (Kimya.) Haya.

M2 si habari, ni adabu. Mtu mwenye dripu mkononi atasema hajambo, na pole atajibu ameshapoa, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kilichosema kweli ni ile khanga, na aliyeiona akaiandika hakuijibu. K3 imefunga mlango kwa maombi. Hii ndiyo hitilafu ninayoiogopa kuliko zote, maana kwa nje inaonekana kama ucha Mungu. Kapelani amekimbilia sala kabla hajajua anaombea nini.

Kikundi cha wanaofundishwa husoma mazungumzo kwa sauti, na mwandishi husoma sehemu ya mgonjwa. Akifika kwenye "haya" lile, akilitoa kwa mdomo wake mwenyewe, mara nyingi husimama. Ndipo msimamizi huwaomba waandike K3 upya, sentensi moja tu, bila mstari wa Biblia. Iliyo nzuri huwa fupi: kuvuta kiti, kukaa, na kuuliza, "Na usiku, mama, unalala?"